Turubai likishashushwa

Siku ya tatu au ya nne, matanga yakishaanuliwa, kirikuu inarudi kuchukua turubai. Vijana wanafungua kamba zilizofungwa kwenye nguzo ya umeme na kwenye nondo za dirisha la jirani, wanapanga viti vya plastiki kumi kumi, wanahesabu. Vimepungua viwili, mjomba mmoja anaingiza mkono mfukoni, analipa. Masufuria yanarudi kwa mwenyewe na masizi yake. Shangazi wa Tanga anaaga, kesho ana basi la alfajiri. Ikifika magharibi, pale palipokuwa na watu mia mbili wamebaki kuku wa jirani wakidonoa punje za wali. Ndani wamebaki watatu. Binti anapanga sahani nne mkekani kama alivyozoea, anasimama kidogo, anachukua moja anairudisha kabatini bila kusema neno.

Hapo ndipo ningependa tuanzie. Dar es Salaam tunajua kushika msiba. Mfiwa hapiki, hafagii, halali peke yake. Kuna kamati, kuna mweka hazina na daftari la rambirambi, kuna wanaohangaikia kibali cha mazishi, sanda au jeneza, na kama maiti inasafirishwa kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, yupo anayejua wapi pa kukodi Coaster usiku wa manane. Ni utajiri mkubwa, na anayetoka kwenye jamii ambako watu wanazika wakiwa saba anaweza kutuonea wivu. Tatizo ni kwamba karibu nguvu yote hiyo inaishia ndani ya siku nne za mwanzo, siku ambazo watu wengi waliofiwa bado wana ganzi. Mwili umejaa homoni za dharura, kichwa kina ukungu, mtu anapeana mikono na mamia ya watu na baadaye hakumbuki hata nusu yao. Ganzi ikianza kuachia, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya sita, hakuna tena aliyelala mkekani pembeni yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza linafanywa na kamati, si na mfiwa. Msaada ugawanywe. Katika rambirambi zilizokusanywa, fungu litengwe kabla ya bajeti ya chakula cha waombolezaji, kwa sababu likisubiri mabaki, mabaki hayatakuwepo. Kwa familia ya watu watano, mchele kilo 10, sembe kilo 10, maharage kilo 4, sukari kilo 3, mafuta ya kula lita 3, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na umeme wa LUKU wa mwezi mmoja vinaisogeza nyumba wiki mbili na zaidi bila mtu kuwaza sokoni. Ulizeni pia kodi ya nyumba inaisha lini. Katika mji ambao wenye nyumba wengi wanadai miezi mitatu au sita kwa mkupuo, mjane anaweza kugongewa mlango wiki ya tatu na habari ambayo marehemu peke yake ndiye aliyekuwa akiijua. Hesabu za rambirambi zifungwe mbele ya watu watatu, mmoja wao awe wa upande wa mjane au mgane, kila mmoja aweke sahihi chini ya jumla, na daftari libaki kwa mfiwa. Ugomvi mwingi wa ukoo unaodumu miaka kumi ulianzia kwenye daftari lililoondoka na mtu mmoja.

Halafu gawaneni siku. Marafiki kumi wanaokwenda wote kwa pamoja wanampa mfiwa jioni moja ya kuchosha. Kumi hao hao wakipangana mmoja kila wiki wanampa miezi miwili na zaidi ya kuwa na mtu. Andikeni kwenye karatasi nani anakwenda lini. Msipoandika, kila mmoja ataamini mwenzake amekwenda.

Mwili kwanza

Huzuni inazungumzwa kama jambo la moyo na roho tu, ilhali inaanza kuharibu mambo kwenye mwili. Hili ndilo linalosahaulika zaidi msibani, na ndilo linaloweza kuongeza msiba juu ya msiba.

Mama mwenye presha hajameza dawa zake tangu taarifa ilipofika, kwa sababu zimebaki chumbani na chumba kimejaa wageni. Baba mwenye kisukari amekunywa chai ya rangi yenye sukari mara nane kwa siku kwa sababu kila anayekuja anamletea kikombe. Mwingine anajichoma insulini kama kawaida lakini chakula hakipiti. Huyu wa mwisho ndiye wa hatari ya haraka: sukari inashuka, anatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, anaonekana kama amezidiwa na kilio. Watu wanampepea kwa khanga na kumwambia ajikaze. Anachohitaji ni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji, anywe kama bado anaweza kumeza. Asubiriwe dakika 15, na asipopata nafuu apewe tena. Akianza kuwa sawa, ale kitu chenye kukaa tumboni, hata mkate. Akiwa hajitambui, asimiminiwe chochote mdomoni. Ni gari na hospitali, hapo hapo.

Ndiyo maana kila msiba unastahili mtu mmoja wa dawa. Si lazima awe nesi. Kazi yake ni kuuliza wafiwa wote wa karibu asubuhi na jioni: dawa umekunywa? umekula nini? zimebaki za siku ngapi? Anaandika. Anaendelea kuuliza kwa simu mpaka mwezi uishe.

Maumivu ya kifua nayo yasifanyiwe maelezo ya kiroho. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 hali ambayo moyo wa mtu aliyepata mshtuko mkubwa unavimba upande mmoja na kushindwa kusukuma damu vizuri. Wakaiita *takotsubo*, jina la chungu wanachotegea pweza, kwa sababu kwenye picha moyo unachukua umbo hilo. Wengi wanapona, lakini dalili zake zinafanana kabisa na za mshtuko wa moyo wa kawaida, ambao nao huongezeka katika siku za kwanza baada ya kufiwa. Hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho akiwa sebuleni. Kifua kinabana, pumzi fupi, jasho: apelekwe akapimwe.

Kuhusu kula, usingoje njaa, kwa kuwa huenda isije wiki nzima. Kula kwa saa. Uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, mtindi, ndizi mbivu, supu. Kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu au nne. Joto la Dar linakausha mtu anayelia na asiyekunywa maji, na kichwa kinachouma mchana kutwa mara nyingi ni kiu. Weka chupa ya lita moja na nusu mahali unapoiona, uhakikishe imekwisha kabla ya jua kuzama.

Usingizi ni mgumu zaidi. Wengi wanasinzia vizuri saa nne usiku kwa uchovu kisha wanashtuka saa tisa, na kuanzia hapo ni kugeuka tu mpaka adhana ya alfajiri. Ukiona umekaa macho kama dakika 20 na mawazo yanazunguka, toka kitandani. Keti kwenye kiti, taa hafifu, soma au sali au kunja nguo, urudi macho yakiwa mazito. Usishike simu, saa hiyo ya usiku utaishia kwenye picha zake. Amka saa ile ile kila siku hata kama umelala kwa saa tatu tu, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Mwili unajipanga upya kwa saa ya kuamka kuliko kwa saa ya kulala.

Kuna jirani mwema ambaye atakuletea vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa. Mshukuru, uviweke pembeni. Dawa za jamii ya diazepamu zinamlaza mtu, lakini zikitumika kila siku, ndani ya wiki chache mwili unaweza kuzoea, na kuziacha ghafla kunaleta usiku mbaya kuliko wa mwanzo. Kama hulali kabisa, daktari ndiye wa kuamua kipimo na siku. Pombe ni hivyo hivyo: inakulaza saa mbili na kukuamsha saa nane ya usiku ukiwa na huzuni ile ile na moyo unaopiga mbio.

Nguo, kitanda, simu

Baadhi ya familia zinagawa nguo za marehemu siku ile ile ya kuanua matanga. Wanaopenda utaratibu huo wana sababu zao, na wengine wana mila inayowabana. Pale inapowezekana, ningeomba kitu chochote kisitoke nyumbani kabla ya arobaini. Anayegawa siku ya tatu anagawa akiwa na ganzi, na shati lililokwenda Mbagala kwa binamu haliombwi tena.

Kuna wanaotaka kuhifadhi harufu. Hili halisemwi kwa sauti lakini ni la wengi sana. Chagua nguo moja aliyoivaa bila kufuliwa, khanga au fulana ya ndani. Iache kivulini nusu siku ikauke kabisa, kwa sababu unyevu wa mji huu ukiingia nao utakuta koga nyeusi badala ya harufu. Usiianike juani, jua ndilo linaloimaliza. Ikunje ndogo, iweke kwenye kopo safi la plastiki lenye mfuniko unaobana, lisilowahi kuwekwa viungo, kisha mahali pa baridi na giza, chini ya kabati. Kila unapofungua harufu inapungua, basi fungua siku unapoihitaji kweli.

Kitanda kina maumivu yake. Mjane au mgane anaendelea kulala kwenye ukingo wake, akiacha nafasi. Wengine wanapata nafuu wakihamia upande wa marehemu, ili upande mtupu uwe ule ambao walikuwa wakilala wenyewe. Wengine wanageuza kitanda kiangalie ukuta mwingine. Mtoto akiomba kulala na wewe miezi ya mwanzo, mwache, hakuna kinachoharibika.

Simu nayo ni kabati la kumbukumbu, na inapotea kwa uzembe kuliko kitu kingine. Makosa ni matatu. La kwanza ni kumpa mtoto simu ile aichezee, akafuta kila kitu. La pili ni kuisahau: akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120, na laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, ukaja kupigiwa siku moja na namba yenye jina la mama yako. Kwa hiyo ndani ya mwezi wa kwanza kaa na kijana anayeelewa simu, mhamishe picha na zile sauti zilizorekodiwa, hasa sauti, mziweke sehemu mbili tofauti. La tatu ni kutoa pesa za marehemu kwa namba ya siri unayoijua. Inaonekana jambo dogo, lakini fedha hizo tayari ni za mirathi, na ndugu mwenye kinyongo atakuja kulitaja mahakamani. Kampuni ya simu na benki watakupa utaratibu ukiwa na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi.

Karatasi nitazipitia haraka. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha hesabu ya mali na mgawanyo ndani ya miezi minne. Anayemdai marehemu aje na maandishi au mashahidi. Andika jina, kiasi na tarehe, lakini usimlipe mtu yeyote wiki ya kwanza, hata wa kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kubwa, anayepiga kelele getini. Ulizia kikoba, ulizia chama cha kazini. Mpeleke mtu wa pili kwenye kila ofisi, kwa sababu akili ya mfiwa haishiki maelekezo. Si ujinga. Umakini na kumbukumbu hupungua kweli kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku nne zenye malipo akifiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku nne zinakwisha msibani kwenyewe. Mama lishe, machinga na bodaboda hawana hata hizo. Ukirudi, kwa wiki mbili za kwanza mwingine ahesabu pesa zako mara ya pili, kila agizo liandikwe, na kama unaendesha chombo cha moto anza na safari fupi, mchana, bila abiria. Mwombe mwenzako mmoja awaambie wengine kabla hujafika, ili usisimulishwe kifo mara ishirini mlangoni.

Kupwa na kujaa

Wengi wamesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, kuzama na kukubali. Zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe, si na waliofiwa. Zikigeuzwa ngazi zinaumiza watu. Mtu anajiona amekosea kwa sababu hakuwahi kukasirika, au kwa sababu "alishakubali" mwezi wa pili na mwezi wa saba analia njiani.

Maelezo yanayofanana zaidi na maisha yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Wanasema aliyefiwa anakwenda na kurudi: mara anaelekea kwa marehemu, analia, anakumbuka, anatamani, mara anaelekea kwenye maisha, anapika, anafuatilia ada, anacheka na mtoto. Kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Aliyekulia jirani na Feri anaona maji yakijaa na kupwa mara mbili kila siku, wala hasemi bahari imeharibika. Hatari iko kwenye kukwama upande mmoja: anayelia tu bila mapumziko kwa miezi, na anayefanya kazi tu asimtaje marehemu kamwe. Wanaume wengi wa mjini ni wa kundi hili la pili. Wanasifiwa kwa ujasiri, halafu baada ya mwaka wanaonekana baa kila jioni.

Kwa hiyo kucheka siku ya kumi si usaliti. Na kuzidiwa mwezi wa tisa si kurudi nyuma. Mara nyingi kuna kilichokuchoma: sauti ya bajaji iliyokuwa inamleta nyumbani, harufu ya vitumbua, mtu mwenye kisogo kama chake kwenye Mwendokasi. Ikikukamata ndani ya daladala, bonyeza nyayo sakafuni, vuta pumzi ukihesabu hadi nne na kuitoa ukihesabu hadi sita, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: koti la konda, kibandiko cha dirishani, ndoo ya mama yule. Dakika tatu au nne, mara nyingi wimbi linakuwa limepita. Lisipopita, sema "shusha", ukae kwenye kibanda kivulini. Nauli iende.

Neno "jikaze" linasemwa kwa upendo lakini limewafunga watu wengi midomo. Anayelitumia kwa jina la dini akumbuke kwamba Injili ya Yohana inasema wazi Yesu alilia machozi kwenye msiba wa Lazaro, na Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akifa, akaeleza kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika. Kinachokatazwa ni mayowe ya kujirarua na kumlaumu Mungu. Eda ya mjane wa Kiislamu ya miezi minne na siku kumi, pamoja na makusudi yake ya kisheria, inampa kitu ambacho ratiba ya mjini haimpi mtu mwingine yeyote: ruhusa ya kutulia kwa muda mrefu unaotambuliwa na wote. Sisi wengine tunapewa siku nne na kuulizwa mbona bado.

Watoto

Mtoto anapelekwa kwa jirani siku ya msiba, anaambiwa "baba amesafiri". Kosa hili linafanywa na watu wenye huruma kabisa. Mtoto wa miaka minne anaamini neno kama lilivyo. Baba amesafiri, basi atarudi. Harudi, basi hanipendi. Akiambiwa "amelala", ataogopa kulala, au atamzuia mama asilale. Akiambiwa "Mungu amempenda akamchukua", atamwogopa Mungu.

Amwambie mtu anayemwamini, akiwa amekaa naye chini, kwa maneno haya au yanayokaribia: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hawezi kurudi. Si kosa lako. Mimi nipo, leo utalala hapa hapa, kesho utakwenda shule." Kisha nyamaza umpe nafasi. Chini ya miaka mitano haelewi kwamba kifo hakirudi nyuma, kwa hiyo wiki ijayo atauliza tena baba anakuja lini, nawe utajibu vile vile bila kukasirika, mara ya kumi na mara ya ishirini. Kuanzia miaka mitano hadi saba wengi wanaanza kuelewa, na hapo wanaanza kuhofu nani anafuata. Usimwahidi kwamba wewe hutakufa. Mwambie unajitunza, na mtajie nani angemlea.

Mtoto analia dakika tano kisha anakwenda kucheza kombolela. Usimwite mkaidi, huzuni yake ni ya kuingia na kutoka. Itatokea kwingine: kukojoa kitandani baada ya kuacha, tumbo kuuma asubuhi za shule, kupigana. Mwalimu wa darasa aambiwe ndani ya wiki ya kwanza, na aambiwe pia tarehe ya kuzaliwa ya marehemu. Mtoto akitaka kwenda makaburini apelekwe, aelezwe kabla atakachokiona: shimo, udongo, watu wakilia. Asiyetaka asilazimishwe kuaga mwili.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni kikao cha ukoo kinachogawa watoto kama vile kinagawa vyombo: mkubwa Mwanza, wa kati Kigamboni, mdogo abaki. Wakati mwingine hali ya fedha haiachi njia. Lakini mtoto aliyepoteza mzazi, kisha akapoteza nyumba, shule na ndugu zake ndani ya mwezi mmoja, amefiwa mara nne. Kama inawezekana kuchangia ada na chakula wakabaki pamoja mpaka muhula au mwaka uishe, changieni hivyo. Unapoona yatima anateswa au kunyimwa shule, namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina gharama.

Kuna msiba mmoja usiopata turubai kabisa: mimba iliyotoka, au mtoto aliyezaliwa amekufa. Mama anaruhusiwa hospitali kesho yake, anaambiwa "utapata mwingine". Siku ya pili mpaka ya tano maziwa yanakuja. Hakuna aliyemwonya. Ameamka, gauni limelowa, matiti magumu kama mawe, na hakuna mtoto. Kama mimba ilikuwa imefika karibu miezi minne au zaidi, mwambieni mapema kwamba itaweza kutokea. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kukaza. Asifungwe khanga kwa nguvu, maana kufunga kunaweza kuziba njia za maziwa na kuleta uvimbe wa usaha. Kitambaa chenye maji baridi dakika 15 mara kadhaa kwa siku. Akiumia sana akamue kidogo tu apate nafuu. Akikamua yote, mwili unadhani kuna mtoto na unatengeneza zaidi. Parasetamoli inasaidia. Homa, wekundu na sehemu inayochoma ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto yule, kama wazazi walimpa jina, atajwe kwa jina lake. Baba naye aulizwe hali. Mara nyingi yeye ndiye aliyebeba kile kijisanduku.

Sasa ni lini huzuni inahitaji daktari? Kusikia sauti ya marehemu ikikuita au kuhisi yupo mlangoni, hasa miezi ya mwanzo, ni jambo la kawaida kwa wengi. Si wazimu, na si lazima mtu akimbizwe kwa mganga. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kingine. Shirika la Afya Duniani linahesabu huzuni iliyokwama pale ambapo zaidi ya miezi sita imepita, kwa kuzingatia mila za mahali, na karibu kila siku hamu ya kumwona marehemu bado ni kali kiasi kwamba mtu hawezi kufanya kazi, kulea wala kutoka nje. Hiyo ina matibabu ya mazungumzo yanayosaidia. Usisubiri miezi sita kama anasema anataka kumfuata, anagawa vitu vyake, ameacha kula na kunywa, au mtoto mchanga hahudumiwi. Asiachwe peke yake, dawa na sumu ya panya viondolewe, apelekwe leo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa nazo zina kliniki hizo. Ukifika mapokezi sema tu "kliniki ya afya ya akili", huhitaji kueleza zaidi mbele ya foleni.

Na wewe uliyepangiwa wiki ya sita kwenye ile karatasi, nenda. Usiulize "unahitaji nini?", kwa sababu atajibu "hamna kitu, asante". Tuma ujumbe siku moja kabla: "Dada, kesho saa kumi nitapita. Nitaleta samaki wa kukaanga na ndizi, usipike. Nikikukuta umelala nitaacha kwa jirani." Ukifika, kaa saa moja, si tatu. Mtaje marehemu kwa jina. Uliza jambo dogo juu yake: alipenda timu gani, chai aliitaka na tangawizi au bila. Akilia, usimkimbilie na leso wala kubadilisha mazungumzo. Kaa hapo hapo. Ukiondoka osha vyombo ulivyovitumia, na kabla hujafika kituoni andika kwenye simu yako tarehe ya kifo, ili mwakani, siku hiyo, uwe umempigia kabla yeye hajakupigia.